Stata inazunguka, haiwaki, ikisukumwa inawaka: usifungue pampu kwanza

*Habari za kazi mtaalamu. Nina pikapu Toyota Hilux ya 1993, ilikuja na injini ya petroli ya 4Y. Mwaka juzi ile injini ilichoka, nikafunga dizeli ya 3L iliyotoka Japani. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, nabeba viazi kutoka shamba hadi Njombe mjini. Miezi mitatu iliyopita swichi ya ufunguo iliungua, fundi umeme akafunga nyingine. Sidhani kama inahusika, maana stata inazunguka kama kawaida. Ila siku hizo hizo ndipo shida ilipoanza: nikipiga stata injini inazunguka tu, haiwaki, na moshi hautoki kabisa, iwe asubuhi au mchana. Vijana wakisukuma kidogo inawaka palepale, na ikishawaka inapanda mlima na mzigo wake bila tatizo. Mara chache inashtuka kama inataka kuwaka pale ninapoachia ufunguo. Betri ni N70 mpya. Hita plagi nimenunua seti mbili mwaka huu, napasha kwa kitufe nilichowekewa kwenye dashibodi, nahesabu hadi ishirini. Fundi wa kwanza anasema pampu imekufa, ifunguliwe, laki tano na nusu. Wa pili anasema kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) imeisha. Nimsikilize nani?*

Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize hata mmoja kati yao. Hiyo laki tano na nusu ibaki mfukoni mpaka ujaribu kitu kimoja kinachohitaji kipande cha waya na dakika tano. Umeniandikia kwa undani kuliko watu wengi wanaokuja na gari lenyewe likivutwa kwa kamba, na ndani ya maelezo yako kuna dalili tatu ambazo, zikiunganishwa, zinaelekeza mahali pamoja. Mahali penyewe ni pale uliposema hapahusiki.

Nianze na moshi. Dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha nozo inapulizia dizeli humo ndani, inajiwakia. Katika 3L hewa inabanwa kwa uwiano wa kama 22 kwa 1, wakati 4Y yako ya zamani ilikuwa kwenye 9 kwa 1 hivi. Sasa, dizeli ikifika ndani ya silinda ikakosa joto la kutosha, haipotei. Inatoka kwenye ekzosi kama moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi. Injini iliyoisha kompresheni hutoa moshi huo kwa wingi unapopiga stata. Iliyokosa kupashwa joto nayo hivyo hivyo. Wewe unasema moshi hautoki kabisa. Injini inayozunguka sekunde kumi, kumi na tano, bila hata uzi wa moshi haikosi joto, inakosa dizeli. Hapo fundi wa pili ameshakosea. Na injini iliyoisha kompresheni isingepanda milima ya kwenu na magunia ya viazi, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 ambako hewa yenyewe ni nyepesi.

Kwa nini basi dizeli haifiki wakati wa stata, lakini inafika gari likisukumwa? Fundi wa kwanza atakwambia pampu imelika, haina nguvu kwenye mzunguko mdogo. Tumtendee haki, maana jambo hilo lipo. Stata huizungusha injini polepole, mizunguko kama 200 kwa dakika. Gari likisukumwa hadi mwendo wa kukimbia taratibu, likiwa gia ya pili, injini inaweza kuzungushwa mara tatu ya hapo. Pampu iliyolika kichwani inaweza kushindwa kwenye stata na kuweza kwenye kusukumwa. Lakini pampu ya namna hiyo ina tabia yake: asubuhi ikiwa ya baridi inawasha, shida inakuja injini ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inapenya kwenye mikwaruzo ya ndani. Mafundi wa siku nyingi humwagia kitambaa maji baridi, wakakilaza juu ya kichwa cha pampu, wakangoja kidogo, na gari likawaka. Lako linakataa asubuhi sawasawa na mchana. Tena pampu hulika taratibu, kwa miezi mingi, na mwenye gari huona kuwasha kunakuwa kwa muda mrefu zaidi wiki hadi wiki. Yako ilikuwa nzima, kisha ikakataa katika siku zile zile swichi ilipobadilishwa.

Sasa tuje kwenye swichi. Nyuma ya pampu yako, upande zinakotokea paipu nne za kwenda kwenye nozo, kuna kitu kama boliti nene kilichosimama, chenye waya mmoja juu yake. Ni solenoidi ya kukata dizeli. Ndani yake kuna pini ndogo inayosukumwa na springi kuziba njia ya dizeli. Umeme ukifika, sumaku inaivuta pini juu na njia inafunguka. Umeme ukikatika, springi inairudisha na injini inazimika. Ndiyo inayozima gari lako kila unapozungusha ufunguo kurudi nyuma. Haijali injini ina nguvu kiasi gani. Bila umeme kwenye huo waya mmoja, hata pampu iliyotoka kiwandani jana haipeleki tone.

Na ufunguo wako una hatua. Zimechorwa kwenye swichi yenyewe: LOCK, ACC, ON, START. Waya za hatua ya ACC ni za redio na kiberiti cha sigara. Zina umeme kwenye ACC na kwenye ON, lakini ukifika START zinakatwa makusudi, ili betri iipe stata nguvu zake zote. Ndiyo maana redio huzimika kidogo unapopiga stata. Kundi jingine la waya halina umeme kwenye ACC, linapata kwenye ON na linaendelea kuwa nao kwenye START. Hizo ndizo za kuwashia injini.

Ukiweka waya wa solenoidi kwenye kundi la redio, kinachotokea ndicho hiki hiki ulichoandika. Unaweka ON, solenoidi inafunguka. Unapeleka START, umeme wa redio unakatika, pini inashuka, dizeli inazibwa, stata inazungusha injini isiyopewa mafuta. Unaachia ufunguo, unarudi ON, pini inafunguka tena wakati injini bado ina mzunguko wa mwisho mwisho, tone linapita, injini inashtuka. Halafu vijana wanasukuma, na wakati wa kusukuma ufunguo uko ON muda wote, haugusi START hata mara moja. Inawaka palepale. Ikishawaka, ufunguo uko ON siku nzima na hakuna shida. Kule kushtuka wakati wa kuachia ufunguo ndiko kulikonifanya niwe na uhakika kiasi hiki. Pampu mbovu haijui mkono wako umeachia ufunguo saa ngapi.

Inawezekana pia waya uko mahali sahihi ila swichi mpya yenyewe ni dhaifu, kitako chake cha ndani hakigusi vizuri kwenye START. Matokeo ni yale yale. Kipimo kitatenganisha.

Niliwahi kupokea Hilux ya aina hii Makambako, imevutwa na Fuso. Pampu ilikuwa imeshafunguliwa mara mbili, gundi nyekundu ya gasketi ilikuwa haijakauka vizuri pembezoni mwa kifuniko. Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba, ana risiti mkononi, hataki hata kunitazama. Niligusisha waya kutoka betri kwenye solenoidi, ikalia "tak". Nikaomba apige stata. Injini iliwaka kabla hajamaliza kuzungusha ufunguo, akaruka chini akidhani kuna kitu kimevunjika. Waya wa solenoidi ulikuwa umeunganishwa kwenye waya wa redio, umezungushiwa tepu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu na mkono wa fundi. Ile pampu ya watu haikuwa na kosa lolote, na baada ya kufunguliwa mara mbili ilikuwa inavuja.

Kipimo chenyewe ni hiki. Weka gari gia huru, vuta breki ya mkono. Tafuta waya wenye fyuzi katikati, hata ya ampea 10. Usitumie waya mtupu, maana ukigusa bodi utaunguza vidole na waya pamoja. Chomoa waya wa solenoidi. Unganisha ncha moja ya waya wako kwenye chanya ya betri, na ncha nyingine igusishe kwenye kichwa cha solenoidi. Lazima usikie mlio mdogo, "tak", kila unapogusa. Ukiusikia, solenoidi ni nzima. Uache umeunganishwa, mtu akae ndani apige stata. Likiwaka, umeipata. Kumbuka kwamba hapo ufunguo hautazima gari; kulizima chomoa waya wako. Mwambie na aliyekaa ndani mapema, asishtuke.

Halafu uthibitishe upande wa gari. Chukua testa, ile bisibisi yenye taa na waya, au mita ya umeme. Bana waya wake kwenye chuma cha bodi, ncha yake iguse waya wa gari uliouchomoa, mwenzako aweke ON. Taa iwake. Sasa apige stata wewe ukiangalia taa tu. Ikizimika wakati stata inazunguka na kurudi akiachia, hukumu imeshatoka. Ikipungua mwanga kidogo tu, hiyo ni kawaida, betri inafanya kazi nzito.

Ukitaka kurekebisha, habari njema ni kwamba gari lako tayari lina waya sahihi, na lilizaliwa nao. 4Y ilikuwa na koili ya kuwashia, na waya uliokuwa unalisha koili hiyo lazima uwe na umeme kwenye ON na kwenye START, la sivyo gari la petroli lisingewaka. Huenda hadi juzi ndio uliokuwa unatumika, na aliyebadilisha swichi ndiye aliyeuhamisha. Mwambie fundi umeme autafute. Apime kwanza kwa mita solenoidi ikiwa imeunganishwa, kwa sababu kwenye baadhi ya magari ya zamani ya petroli umeme wa koili ulipitishwa kwenye kizuizi ili koili isipate joto. Akikuta volti pungufu kuliko za betri, kizuizi hicho kirukwe. Solenoidi huhitaji nguvu zaidi kuvuta pini kuliko kuishikilia ikishavutwa, na volti pungufu zitakupa gari linalowaka leo na kugoma kesho.

Kuna njia mbili za mkato utakazopendekezewa. Moja ni kuweka swichi ya pembeni kwenye dashibodi inayolisha solenoidi moja kwa moja kutoka betri. Inafanya kazi, na kama umekwama porini ifanye ufike nyumbani. Kwa kudumu siipendi: siku utakayosahau kuizima, betri itaamka imekufa, na mtu mwingine akiendesha hatajua gari linazimwaje. Njia ya pili ni kuifungua solenoidi na kutoa ile pini, ili dizeli ipite muda wote. Hiyo ikatae kabisa, hata ukiambiwa ni bure. Gari lisilo na pini linazimwa kwa kuingiza gia na kuachia klachi hadi injini ife. Siku injini itakapopandisha mzunguko yenyewe kwa hitilafu ya pampu, hutakuwa na namna ya kuizima haraka, na uko kwenye mteremko na viazi nyuma.

Nimeongea kama nina uhakika, na karibu ninao. Lakini kama waya wa moja kwa moja haukubadilisha kitu, usirudi kwa fundi wa pampu bado. Legeza nati ya paipu moja pale inapoingia kwenye nozo, nusu mzunguko tu, uso wako ukiwa mbali, kisha mtu apige stata. Dizeli inatakiwa ichuruzike pale kwa kuruka ruka. Isipotoka, au ikitoka na mapovu, imeingia upepo. Hili ni jambo la magari yaliyobadilishwa injini kama lako. Kabureta ilikuwa na pampu yake ndogo kwenye injini na mpira wowote uliitosha. Pampu ya 3L inavuta dizeli yenyewe kutoka kwenye tenki, na penye mvuto ufa mdogo hauvujishi mafuta nje, unaingiza hewa ndani. Sakafu inabaki kavu, mtu anaapa hakuna panapovuja. Angalia mipira ya zamani kati ya tenki na filta, na vibano vyake. Bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu kamwe, upepo unaingia kabla ya hapo.

Na hizi hita plagi. Hata gari likiwaka leo kwa waya, jambo hili halitakuacha, hasa Juni na Julai hapo Njombe. Seti mbili kwa mwaka ni nyingi mno. Injini nyingi za ukoo wa L, kama 3L yako, zilizotoka Japani zilikuja na mfumo wa kupasha haraka: plagi za volti 6, rilei moja (swichi inayoendeshwa na umeme) inazipa umeme kamili wa betri kwa sekunde chache, kisha rilei ya pili inapitisha umeme kwenye kizuizi ili zibaki na joto bila kuungua. Ukifunga injini hiyo kwenye gari lililokuwa la petroli, rilei hizo zinabaki Japani na unawekewa kitufe. Plagi ya volti 6 iliyopewa volti 12 kwa hesabu ya ishirini inaungua, ndivyo ilivyo. Toa moja usome maandishi kwenye mwili wake. Ikiwa ni 6, usihesabu zaidi ya nne au tano, au nunua za volti 12 zinazolingana urefu na uzi, ambazo ndizo zinazostahimili kitufe na hesabu ya kumi na tano hadi ishirini. Mimi kwa gari lenye kitufe ningechagua za 12. Zinachelewa kupata joto lakini zinadumu. Angalia pia kitufe hicho kinaamrisha rilei yenye waya mnene, sio kupitisha umeme wote chenyewe. Plagi nne kwa pamoja zinavuta makumi ya ampea, na waya mwembamba nyuma ya dashibodi ndio unaoanzisha moto. Sitashangaa kama swichi yako ya kwanza iliungulia hapo.

Usije ukapulizia dawa ya kuwashia au kuweka kitambaa cha petroli kwenye mdomo wa hewa huku ukipasha hita. Mvuke huo unawaka kabla pistoni haijafika juu, na nimeshaona pistoni iliyopasuka kwa sababu hiyo.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, nayo ipimwe, haichukui muda. Waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, umeme unarudi kwa taabu, na kebo iliyotosha stata ndogo ya petroli haitoshi ya dizeli. Weka kebo nene kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini yenyewe, sio kwenye chasisi pekee.

Utahitaji mtu wa kuliona gari kwa macho katika hali hizi: waya wa moja kwa moja umewekwa, solenoidi inalia, hakuna upepo, na bado nozo hazipati kitu. Hapo ndipo pampu inastahili kushukiwa, na ipelekwe kwa fundi mwenye benchi ya kupimia, aipime kabla ya kuifungua na akuonyeshe kipimo. Vilevile ukisikia harufu ya waya kuungua, au waya wowote ukiwa wa moto kushikika, chomoa hasi ya betri na usiwashe tena mpaka fundi umeme afike. Njia ya umeme kwenye gari lililobadilishwa injini haina mchoro kitabuni. Lazima mtu aifuate kwa mkono.

Ukifika kwa fundi umeme, usimwambie "gari haliwaki", maana ataanza na betri. Mwambie: "Waya wa solenoidi unakatika kwenye START, nataka nipate umeme wenye fyuzi unaobaki kwenye ON na START." Kazi hiyo haichukui hata asubuhi nzima.

Na ile laki tano na nusu, kama injini ilitoka Japani na hujui mkanda wake wa taiming ulibadilishwa lini, anza na huo. Kwenye 3L hubadilishwa kila kilomita laki moja, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kitakachobaki, kipeleke TRA (mamlaka ya mapato) ukasahihishe namba ya injini kwenye kadi, kama hujafanya hivyo, kwa sababu kadi inayosema 4Y wakati chini ya boneti kuna 3L itakusumbua barabarani na siku ya kuuza.